Maganda ya Mbithe

Sifa ni zako, Mungu mwenye subira, uliyenifikisha umri huu nikiwa bado naweza kushangaa. Ungeweza kunichukua mapema, siku zile nilipojiona nimeelewa kila kitu, lakini uliniacha nione na mengine. Kwa hayo mengine nakushukuru, na kwa jina lako naanza, nisije nikajisifia kazi ambayo haikuwa yangu.

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mutiso, baba mkwe wa binti yangu Furaha. Tuliporudi ukumbini kutoka makaburini, wali ulipokwisha kugawiwa, kijana mmoja wa kanisa lao aliniletea kipaza sauti akaniambia, "Mzee wa upande wa bibi, neno kidogo." Mimi niliyefundisha katekisimu miaka thelathini, niliyezoea kusimama mbele za watu, nilisema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, nikaketi. Watu waliitikia amina, chakula kikaendelea. Nilirudi kwangu Liverpool, kitongoji cha Sydney hapa Australia, kwa treni nikiwa na aibu. Sikuwa nimesema uongo, ila nilisema jambo ambalo lingesemwa juu ya maiti yeyote mwenye bahati ya kuzikwa na watu wenye adabu. Nilichopaswa kusema kilikuwa kirefu mno kwa kipaza sauti, na kingeanzia mahali ambapo wengi wangenishangaa: ndani ya gereji, Doonside, upande mwingine wa mji, mwaka wa pili wa Korona, mbele ya meza yenye maganda matupu ya risasi. Nilikuwa na miaka sitini na sita. Nilidhani nimekwisha kufundishwa.

Nilifika kwao kwa mwito wa Furaha. Yeye ni muuguzi, na hospitali ilikuwa inamla. Mumewe Musyoka alikuwa anaendesha lori la makontena kutoka bandarini Port Botany, anaondoka kabla jua halijachomoza. Mtoto wao Mwende, wa miaka saba, alikuwa anasomea kwenye kompyuta mezani, na mtu mzima alihitajika wa kumkumbusha kwamba mwalimu anamwona. "Papa, njoo wiki mbili tu," Furaha aliniambia kwenye simu. Nilisita. Kwetu, baba wa msichana halali ovyo nyumbani kwa mkwewe, sembuse nyumba ambamo mkwe mwenzake, baba wa mvulana, naye anaishi. Lakini sauti yake ilikuwa imekauka, nikafunga sanduku. Siku chache baadaye serikali ikatangaza kwamba hakuna kutoka, na kwa sisi wa magharibi ya mji, hakuna kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani. Liverpool ikawa mbali kama Uvira, mji wetu wa Kongo. Wiki mbili zikawa miezi minne.

Msomaji asiyejua adabu za wakwe hawezi kuelewa jinsi wazee wawili wanavyoweza kukaa nyumba moja yenye bafu moja bila kuonana. Sisi tuliweza. Nikisikia mlango wake, nilisubiri. Akiniona jikoni, alikumbuka ghafla kitu alichosahau chumbani. Mezani kila mmoja alimsukumia mwenzake nyama. Jumamosi yeye alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, chakula cha kwao Ukambani, nami nilikula sahani moja nikasema nimeshiba, ingawa ningeweza kula tatu. Jumapili Furaha alitengeneza sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na Mutiso akala kijiko baada ya kijiko kwa uso wa mtu anayemeza dawa kwa heshima. Na sheria kubwa kuliko zote, iliyo sawa kwetu na kwao, ni hii: mkwe hakaripiwi. Akivunja sahani yako, unamwambia sahani ilikuwa imezeeka. Akikosea, anaambiwa asante.

Kila siku baada ya chai ya saa nne, Mutiso aliingia gereji akakaa humo hadi chakula cha mchana. Furaha alikuwa ameniambia kwamba baba mkwe wake ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, kwamba bunduki yake imefungiwa ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani kama sheria inavyotaka, na kwamba hutengeneza risasi zake mwenyewe. Aliniambia polepole, akinitazama, kwa sababu anajua tulikotoka. Mimi maganda ya risasi nimeyafagia kanisani kwa ufagio wa chelewa, asubuhi moja ambayo sitaiandika hapa. Lakini pia, na hili watu wa huku hawalijui, vinara viwili vya altare yetu vilitengenezwa na fundi wa sokoni kwa maganda ya mizinga, naye msakristia aliyevisugua kwa majivu na ndimu kila mkesha wa sikukuu nilikuwa mimi. Kwa hiyo shaba ile ya njano ilikuwa inanitisha na kunivuta kwa pamoja.

Wiki ya tatu nilimpelekea chai. Nilisimama mlangoni na kikombe. Alikuwa ameketi chini ya taa, miwani miwili puani, moja juu ya nyingine, na mbele yake mashine ya chuma yenye mkono mrefu iliyofungwa kwenye meza kwa skurubu. Kando kulikuwa na makopo mawili ya aiskrimu yaliyojaa maganda matupu. Aliinuka haraka, akafuta stuli kwa mkono wa sweta.

"Karibu, mkwe. Si kwamba nakuficha. Nilifikiri hivi vitu havikufurahishi."

"Havinifurahishi," nilisema. "Lakini navijua kwa upande mmoja tu."

Alicheka, akanipa ganda moja. Ndipo akanieleza jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulishangaa. Risasi ikilipuka, alisema, shaba hutanuka kwa nguvu ya moto mpaka ikagusa kuta za chumba cha bunduki, pale risasi inapokaa, kila mahali. Kisha inapoa, inarudi kidogo sana, lakini hairudi ilivyokuwa. Inatoka na umbo la chumba kile. "Na hakuna bunduki mbili zenye chumba kimoja," alisema. "Hata zikitoka kiwandani siku moja. Macho hayawezi kuona tofauti. Lakini ganda linajua. Ganda lililochomwa kwa bunduki yangu linaijua bunduki yangu. Ukilipeleka kwa bunduki nyingine, linaweza kuzuia mlango wa chumba kufunga."

"Basi halitumiki tena?"

"Linatumika. Unalirudisha kwa hii." Aliniwekea kiganjani kipande kizito cha chuma, kinene kama kidole gumba cha mkulima, chenye tundu lililong'aa ndani. Yeye alikiita dai. Fundi wa kwetu angesema kalibu. Ganda husukumwa ndani yake kwa mkono wa mashine, likabanwa, likatoka na saizi mpya. Na dai ni za namna mbili. Moja hubana shingo tu, pale risasi inaposhikwa, na mwili wa ganda ukabaki na umbo la bunduki iliyolichoma. Ya pili hubana mwili mzima, ikafuta yote, ganda likawa kama limezaliwa jana na likaweza kuingia kwa bunduki yoyote ya aina ile. "Hii yangu imekwaruzika ndani," alisema. "Lazima ninunue nyingine. Shida ni kuchagua."

Nilidhani ni shida ya dakika kumi. Kumbe alikuwa kwenye shida hiyo tangu mwaka uliotangulia. Nilipoanza kumpelekea chai kila siku, nilizikuta katalogi zilezile zimefunguliwa kurasa zilezile. Leo angeniambia dai ya shingo ndiyo ya mtu mwenye busara, kwa kuwa shaba haichoki upesi. Kesho angesema hapana, ya mwili mzima ndiyo ya uhakika, haikwami. Mimi niliitikia yote mawili. Jioni moja, nikikunja nguo katika chumba cha kufulia, niliwasikia watoto wetu jikoni.

"Wiki ya ngapi hii?" Musyoka alisema. "Dai mbili, achague moja. Naweza oda saa hii na simu."

"Muache, Musyoka."

"Si namwacha? Lakini mtu mzima anasoma katalogi kama Biblia."

"Nimekuambia muache. Unajua si mambo ya dai."

Nami nikaendelea kukunja, nikijiambia kwamba maneno ya nyumba ya mkwe hayanihusu. Laiti ningeuliza.

Mwezi wa nane ukaingia, na Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ikakaribia. Tangu nilipokuwa kijana sikuwahi kufika sikukuu ile mikono yangu ikiwa haijanuka ndimu na majivu. Hata Liverpool, parokia walinipa ufunguo wa sakristia mwaka wa kwanza. Sasa kanisa lilikuwa limefungwa, misa iko kwenye kioo cha simu ya Furaha, na mikono yangu haikujua iende wapi. Siku mbili kabla ya sikukuu, Mutiso alipelekwa kuchanjwa na Musyoka, kisha homa ya chanjo ikamlaza. Jirani alikuwa ametupitishia mfuko wa ndimu juu ya uzio. Kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba kulikuwa na majivu laini, mazuri kuliko ya Uvira. Na gerejini yalikuwako makopo mawili ya shaba iliyofifia na kuingia weusi.

Nilimimina yote katika beseni moja. Nililoweka, nikasali rozari, nikaosha, nikaanza kusugua kwa majivu, moja baada ya jingine, mia moja na ishirini. Kazi ile ilinirudisha nyumbani kwa namna ambayo hakuna picha wala wimbo uliowahi kunirudisha. Baadhi ya maganda yalikuwa na doa jekundu kwenye kitako, kama tone la rangi iliyomwagika, gumu kuliko uchafu wa kawaida. Nilitafuta waya wa kusugulia sufuria. Uliposhindwa, nilitumia wembe. Nilikwangua yote, hata moja sikuliacha, na nilijisikia fahari. Siku ya sikukuu niliyapanga juu ya taulo jeupe mezani kwake, yamesimama mistari kama watoto wa komunyo ya kwanza, yanawaka.

Mutiso aliingia amejifunga blanketi. Alisimama. Alinyoosha mkono akachukua moja, akaligeuza kitako, akalirudisha. Akachukua jingine. Akaligeuza hilo pia.

"Yanang'aa," alisema. "Asante, mkwe. Asante sana."

Kisha akasema arudi kulala kidogo.

Alasiri ile nilikuwa tena katika chumba cha kufulia, ambacho ukuta wake na wa chumba cha Mutiso ni mbao nyembamba. Musyoka alirudi kutoka kazini akaingia kumsalimu.

"Baba, homa imezidi? Mbona uso hivyo?"

Kisha sauti ya Mutiso: "Mama yako ameoshwa."

"Ati?"

"Mkwe amesugua maganda yote. Ameyachanganya. Rangi imetoka yote."

"Ile rangi ya kucha ya Mum?"

"Yote. Huyo mtu hafanyi kazi nusu."

"Ngoja nimwambie."

"Utamwambia nini? Huyo ni mkwe! Siku mbili amekaa kwa hiyo baridi akisugua, kwa nia safi. Nimemwambia asante. Imeisha. Na ukimwambia bibi yako amwambie, mimi na wewe tutakosana."

Nilikaa juu ya kikapu cha nguo. Mbithe, mama yake Musyoka, alikuwa amefariki mwaka wa kwanza wa Korona, wakati watu kumi tu waliruhusiwa makaburini, nami sikuwa mmoja wao. Nilijua alikuwa mtu wa kicheko na wa kushona. Sikujua kwamba alikuwa analenga shabaha kando ya mumewe kila Jumamosi, kwa bunduki yake mwenyewe, wala kwamba maganda yake alikuwa anayatia alama kwa rangi ileile aliyopaka kucha. Usiku ule sikula. Furaha aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo, na haikuwa uongo.

Asubuhi nilimkuta tayari gereji kabla ya saa ya chai, nikaingia bila kikombe.

"Mkwe, nimekuja kukaripiwa."

Aliinua uso. Alielewa mara moja. "Kuta za hii nyumba ni karatasi," alisema. "Mkwe hakaripiwi."

"Basi leo mimi si mkwe. Niite kwa jina langu unikaripie."

Alifikiri. "Jina lako ni nani? Miaka tisa nakuita Baba Furaha."

"Deogratias."

"Haya, Deo." Alivua miwani yote miwili akaiweka chini. "Wewe ni mjinga."

"Ndiyo."

"Mjinga kabisa. Nani anakwangua kitu cha mwenyewe na wembe bila kuuliza? Nyinyi Wakatoliki, mkiona kitu kimesimama lazima mkisugue?"

"Ndiyo, tunasugua," nilisema, na hapo alicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, na mzee yule wa miaka sabini na moja akalia mbele yangu mikono ikiwa mapajani, bila kujificha. Nami nililia. Mke wangu alizikwa Uvira, na siku tulipokimbia sikubaki hata na kipande cha kitenge chake. Sikumwambia hilo siku ile. Lakini nilijua sawasawa nilichokuwa nimekikwangua.

Ndipo akanieleza yote. Wiki ya pili baada ya mazishi aliiuza bunduki ya Mbithe, kwa sababu hakuweza kulala nyumba moja nayo. Aliyeinunua alikuwa mtu wa mbali, upande wa pili wa nchi. Alipoamka kutoka katika ule uchungu wa kwanza, kilichobaki kilikuwa ni maganda arobaini, yaliyochomwa na Mbithe Jumamosi yao ya mwisho, yakiwa bado na umbo la bunduki isiyokuwepo tena. "Nikinunua dai ya shingo," alisema, "yangu yatafaa, lakini yake hayataingia bunduki yangu kamwe. Yatakaa kwa kopo. Na wewe hukumjua Mbithe. Kitu kikikaa bure ndani ya nyumba yake, alikitolea macho. Nikinunua ya mwili mzima, yake yataingia. Lakini nitakuwa nimemfuta. Sasa ndio unaelewa kwa nini nasoma katalogi kama Biblia. Nilimsikia Musyoka pia."

Mimi nilikuwa naangalia mistari yangu ya fahari juu ya taulo. Halafu nikauliza swali la mtu asiyejua kitu.

"Mkwe, uliniambia ganda linakumbuka bunduki iliyolichoma. Mimi nimeosha nje. Je, nimeosha na hilo?"

Alirudisha miwani puani. "Uliloweka kwa ndimu muda gani?"

"Rozari moja."

"Rozari ni dakika ngapi?"

"Ishirini. Kwa Mprotestanti, thelathini."

"Ungeacha mpaka asubuhi, yangegeuka rangi ya waridi na kufa." Alisogeza taa, akachunguza moja, la pili, la tatu. Yalikuwa ya njano safi. Akafungua mtoto wa meza akatoa kipimo cha chuma chenye meno mawili na uso kama wa saa, akakifungia kidude kidogo cha kushika bega la ganda, pale mwili unapoungana na shingo. Akaweka ganda la kwanza. Mshale ulizunguka ukasimama. Aliandika. La pili: mshale ulisimama palepale. La tatu, la nne, la tano, palepale. La sita mshale ulipita kidogo, unene wa nywele mbili hivi, ukatulia.

Mutiso aliweka ganda lile juu ya kiganja chake kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Huyu ni yeye," alisema.

Nimesimama karibu na mambo matakatifu maisha yangu yote. Nimeshika vyombo ambavyo wengine hawaruhusiwi kuvigusa. Lakini sijui kama nimewahi kusimama kwa woga mtamu kama ule wa gereji ile, tukipima maganda, mchana wa kwanza na wa pili, mlango umefunguliwa nusu na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya paa kuangalia nani amevuka kilomita zake. Yeye aliweka, mimi nilisoma mshale, kwa kuwa macho yangu yalikuwa na nafuu. Kila mara mshale ulichagua. Hapa au pale. Haukusimama katikati hata mara moja. Mikono yangu ilikuwa imefuta kila kitu ambacho jicho lingeweza kuona, weusi, moshi, rangi, na chini ya vyote kulikuwa na jambo ambalo moto uliliandika kwa nafasi ndogo kuliko karatasi, nami sikuweza kulifikia hata kwa wembe. Nilifundisha watoto miaka mingi kwamba Mungu anamjua kila mmoja kwa namna ambayo haifutiki. Nilifundisha vizuri, na walifaulu maswali. Mimi mwenyewe niliamini siku ile, nikisoma namba kwa sauti. Mwende alipoingia na sandwichi akasema, "Koko, why are you crying?" yaani babu, kwa nini unalia, nilimjibu kwamba ni majivu.

Yalipatikana arobaini. Mutiso aliyahesabu mara mbili akayatia katika kopo lake. Nilidhani sasa atanunua dai ya shingo, ayatunze. Badala yake, baada ya chakula, alimwita Musyoka na simu yake.

"Oda ya mwili mzima."

"Una uhakika, Baba?"

"Usiku mzima nilijua nimeyapoteza," Mutiso alisema, akiniangalia mimi. "Nililala nikangoja uchungu mpya uje. Haukuja. Ulikuwa ule ule wa Mbithe, wala haukuongezeka. Basi nikaona, kumbe si ndani ya maganda alimokuwa." Kisha akamgeukia mwanawe. "Oda kabla sijafungua katalogi."

Dai ilifika kwa posta baada ya wiki tatu. Aliifuta mafuta ya kiwandani, akaifunga juu ya mashine, akapaka ganda la kwanza la Mbithe mafuta kidogo kwa vidole viwili. Akanitaka nisali. Nilisali kifupi. Akavuta mkono wa mashine chini polepole, chuma kikalalamika, shaba ikaingia, ikatoka. Akalipeleka kwenye kipimo bila kusema. Nilisoma mshale. Ulikuwa umerudi mpaka kwenye namba ya bunduki yake yeye.

"Sasa anaingia nyumbani kwangu," alisema.

Aliendelea, la pili, la kumi, la ishirini. Lilipobaki moja, moyo wangu ulishindwa. "Hilo liache," nilimwomba. "Moja tu, la kumbukumbu."

Alinitazama juu ya miwani. "Deo, nikibakiza moja nitaanza kuliabudu. Wewe Mkatoliki ndiye wa kunikataza." Akalivuta.

Walipotufungulia, mwezi wa kumi, ningeweza kurudi Liverpool siku ileile. Nilikaa wiki mbili zaidi, na sahani zangu za muthokoi zikawa tatu. Uwanja wa shabaha ulipofunguliwa, Musyoka alitupeleka nje ya mji asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nimesema nitangoja ndani ya gari. Sikungoja. Nilivaa vifunika masikio, nikashika benchi kwa mikono miwili, na mlio wa kwanza uliposikika, miguu yangu ilitaka kukimbia bila mimi. Nilisimama. Walinipa darubini, nikaona matundu kwenye karatasi ile ya mbali, madogo, yamekusanyika kama watu waliosimama kuongea baada ya misa. Milio mitano. Kila mlio Mutiso alitoa ganda, akaliweka kando kwa upole.

Alipomaliza alinipa moja. Lilikuwa bado moto, nililirusha toka kiganja hiki hadi kile.

"Haya yake hayatabanwa mwili mzima tena," alisema. "Yamechomwa kwangu, sasa yanaijua bunduki yangu. Kuanzia leo ni shingo tu." Akakohoa, akatazama majani. "Tena Musyoka aoda na hiyo dai nyingine. Nahitaji zote mbili. Mwaka mzima nilifikiri lazima nichague moja."

Niliushika ule moto mpaka ukapoa mkononi mwangu.

Na wewe unayesoma, huenda ndani yako lipo umbo la mtu ambaye hayupo. Mungu asikuharakishe. Akupe mwaka mzima wa kusitasita ukiuhitaji, na gereji ya kukaa, na mkwe wa kukuletea chai, hata akiwa mjinga. Siku utakapovuta ule mkono wa chuma, akujalie mwenzako kando yako wa kukusomea mshale, mwenye macho yenye nafuu kuliko yako. Amina.